Mjadala: Maonyesho ya mkonge Tanga, mlangoni akae Hindorf au manamba?

Wadau, tulijadili hili bila kufichana. Ikitajwa habari ya kuandaa maonyesho ya mkonge kwenye makumbusho ya Tanga, wengi wetu huanza na Dk. Richard Hindorf, Mjerumani aliyeleta mkonge nchini, kisha korona, ile mashine ya kutoa nyuzi kwenye majani, kisha takwimu za mauzo ya nje. Mimi napinga mpangilio huo.

Habari ya Hindorf ni nzuri, sikatai. Mwaka 1893 aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Itundikwe, lakini isikae mlangoni. Kufikia mwaka 1964 Tanganyika ilikuwa inazalisha zaidi ya tani 230,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, inaongoza duniani. Nani alikata majani yote hayo?

Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, ofisi ya kutafuta vibarua, hao walioitwa manamba. Watu wakaletwa kutoka Kigoma, Songea, Njombe, hadi Rwanda, Burundi na Msumbiji, wakawekwa makambini, kila mmoja na kipande chake: kadi ya siku 30 za kazi. Siku ambayo hukumaliza kazi uliyopimiwa haikuhesabiwa. Kipande kimoja kilichochakaa, kikiwekwa peke yake kwenye kabati la kioo, kitamsimamisha mgeni kuliko picha kubwa ya bwana shamba.

Ningekuwa na uamuzi, chumba cha kwanza kingekuwa shamba. Mgeni ashike jani lenyewe, refu kuliko mita moja, zito, lenye mwiba nchani ambao mkataji alitakiwa kuuondoa jani baada ya jani, huku utomvu ukimwasha mikononi. Ndipo apelekwe kwenye korona. Pale aambiwe kwamba kilo 100 za majani hutoa kama kilo 4 tu za singa kavu. Zile 96 nyingine ni maji na makapi, na kabla hazijafika kiwandani kuna mtu aliyezikata, akazifunga mizigo na kuzibeba hadi kwenye troli. Jambo hilo halionekani kabisa ukianza na mashine.

Wapo wanaosema tutawaaibisha wazee, maana kuitwa manamba kulikuwa dharau. Hoja hiyo naiheshimu. Lakini aliyedharauliwa hasafishwi kwa kufichwa. Aliyemdharau ndiye atakayefurahi. Wengine wanasema zao linafufuliwa, wakulima wadogo wa Korogwe sasa wanauza kupitia AMCOS zao, yaani vyama vyao vya ushirika, kwa hiyo tusichimbue machungu. Naona kinyume. Mkulima huyo kuwa na shamba lake mwenyewe ni habari kubwa kwa yule tu anayejua zamani shamba lilikuwa la nani.

Kuporomoka baada ya 1964 nako kusikwepwe: kamba za plastiki ziliangusha bei, na utaifishaji wa mwaka 1967 ukafuata. Kipi kiliumiza zaidi? Wapeni wageni hoja zote mbili, wabishane humo humo ndani.

Ila wazee wa makambini wanaondoka, na sauti zao zirekodiwe sasa, kwa malipo. Hapo nina swali kwa waliozaliwa kambini: mngependa jina la mzazi wenu liandikwe ukutani, pamoja na alikotoka na shamba alilokata, au mngeona mmeanikwa? Nataka kusikia kwenu kwanza, kabla ya wataalamu wa makumbusho.