Jumamosi ya wachekeshaji wa zamani: gumzo la majirani, Area C, Dodoma

Mjumbe: Mbukwenyi majirani. Ile jioni ya vichekesho vya zamani ni Jumamosi, uani kwa Mama Neema. Tupange leo kitakachoonyeshwa, tusije tukagombea rimoti mbele za watu.

Mama Neema: Karibuni, uwanja upo. Ila nauliza, watoto hawa wa simu watakaa kweli kutazama picha nyeusi na nyeupe?

Dada Zai: Mimi nimeshapata dawa. Nakata vipande vya sekunde 30, pale penye kuchekesha tu. Mr. Bean 10, Mzee Majuto 10, Charlie Chaplin 10. Mchezo umekwisha.

Mwalimu: Zai mdogo wangu, hapo utaua kila kitu. Chukua kipindi cha kwanza kabisa cha Mr. Bean, kile cha tarehe 1 Januari 1990. Yupo ufukweni, anataka kuvaa chupi ya kuogelea, lakini kuna mtu amekaa jirani yake. Anaivaa juu ya suruali, kisha anahangaika kuitoa suruali kwa ndani. Zinapita dakika nzima za mateso. Anapomaliza, yule jirani anainuka na fimbo nyeupe: kumbe haoni. Ukikata sekunde 30 za mwisho, unabaki na kipofu anayeondoka ufukweni. Nani atacheka?

Dada Zai: 😂😂 Haya.

Mwalimu: Na ukikata zile za mwanzo, unabaki na mtu anayevua suruali. Watoto watacheka mara moja, basi. Kicheko kinajengwa kwenye kusubiri. Ndiyo maana hawa wazee hawachuji: hawakutegemea habari za wiki ile, walitegemea mwili na muda. Kipimo chake ni rahisi. Zima sauti. Ukiendelea kucheka, kichekesho hicho kitaishi.

Babu wa Kona: Na Mzee Majuto ukimzimia sauti?

Mama Neema: Shikamoo Babu.

Babu wa Kona: Marahaba mwanangu.

Mwalimu: Swali zuri, Babu. Kwa Majuto nusu inabaki, nusu inapotea. Uso wa bahili anayeombwa hela unasomeka bila neno. Ila Amri Athumani, ndilo jina lake halisi, alikuwa mtu wa Tanga, na ule mdomo wenyewe ni mali. Yeye msizime sauti! Hata Mzee Ojwang wa Vitimbi, kile kipindi cha TV cha Kenya, ni hivyo hivyo. Jina lake halisi Benson Wanjau, alikuwa Mkikuyu, lakini lafudhi aliyoibeba miaka yote ni ya Kijaluo. Hapo sauti ndiyo vazi.

Babu wa Kona: Basi wekeni na Pwagu na Pwaguzi.

Fundi Deki: Babu, hao walikuwa wa redio, Redio Tanzania Dar es Salaam (RTD). Picha utaitoa wapi? Bara tumeanza kuwa na televisheni 1994. Zanzibar walitutangulia, wao miaka ya 70.

Babu wa Kona: Mbona za Wazungu za 1951 zipo?

Fundi Deki: Siyo zote. I Love Lucy, kile kichekesho cha TV cha Marekani, ipo kwa sababu waliipiga kwa filamu ya milimita 35, kamera tatu kwa pamoja, watazamaji wamekaa pale pale studio. Filamu ikabaki kabatini, ikarudiwa na kurudiwa. BBC wao walikuwa wanafuta kanda na kurekodi juu yake, maana kanda zenyewe zilikuwa ghali. Vichekesho vingi vya miaka ya 60 vimekwenda hivyo.

Mwalimu: Kwenye hiyo Lucy muweke kiwanda cha chokoleti, cha 1952. Mkanda unaleta chokoleti taratibu, wanawake wawili wanazifunga kwenye karatasi. Mkanda unaongeza mwendo: zinaingia mdomoni. Unaongeza tena: kwenye kofia, kwenye nguo kifuani. Msimamizi anakuja, anaona hakuna iliyopita bila karatasi, anaridhika, na anaagiza mwendo uongezwe zaidi! Mtoto wa miaka mitano anaelewa bila Kiingereza.

Mjumbe: Safi. Fundi, vipi zile kanda za VHS kwenye lile boksi?

Fundi Deki: Ziko 6, mbili sizigusi. Zimetoka Dar, na kwenye kidirisha unaona unga mweupe pembeni ya utepe. Hiyo ni kuvu ya unyevu wa pwani. Ukiicheza inapaka hedi, kile kichwa cha deki kinachosoma utepe, na hedi inaambukiza kanda nyingine zote. Za hapa Dodoma shida yake ni vumbi tu. Atakayenisaidia Ijumaa asome hii:

Kwanza vunja kile kipande cha plastiki nyuma ya kanda, deki isije ikarekodi juu yake. Kisha peleka kanda mbele hadi mwisho na urudishe, bila kuicheza, ili utepe ujikaze sawasawa. Hedi safisha kwa spiriti ya isopropili, asilimia 90 kwenda juu. Ile ya zambarau ya dukani inaacha mabaki. Tumia kitambaa cha ngozi laini, kishike kimetulia, zungusha ngoma ya hedi kwa mkono mara mbili tatu. USISUGUE JUU NA CHINI, utang'oa hedi. Pamba za masikioni pia hapana, nyuzi zake zinanasa. Ngoja dakika 20 ikauke.

Kurekodi kwenye kompyuta: njano kwenye njano, nyeupe na nyekundu ni sauti. Chagua PAL, mfumo wa picha wa kanda zetu: 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde. Ukiacha NTSC, mfumo wa Marekani, picha itaruka au itakosa rangi.

Dada Zai: Faili litakuwa kubwa kiasi gani? Flashi yangu ni GB 16.

Fundi Deki: Kwa megabiti 6 kwa sekunde, saa moja ni kama GB 2.7. Kanda nzima ya saa tatu ni kama GB 8.1. Flashi inatosha, ila ikiwa imeformatiwa kwa FAT32 itakataa faili linalozidi GB 4 na utadhani imekufa. Iformati upya kwa exFAT, au kata faili sehemu tatu.

Na tafadhali, msiivute picha ijaze kioo. Hizi ni 4 kwa 3. Ukizivuta, Majuto anakuwa mfupi mnene kama pipa, na mwili ndio kazi yake.

Mwalimu: Naongezea kuhusu Chaplin. Nakala nyingi za bure zinakwenda kasi mno. Kamera zile zilizungushwa kwa mkono, fremu kama 16 hadi 20 kwa sekunde, sasa zinachezwa kwa 24 au 25. Tafuteni nakala iliyorekebishwa. Lakini msipunguze sana, maana yeye mwenyewe aliipanga kasi fulani iwe juu kidogo. Napendekeza The Rink, ya 1916. Ni mhudumu wa mgahawa, anaandika bili ya mteja kwa kukagua madoa kwenye nguo zake: supu hapa, tambi pale.

Mama Neema: 😂😂😂 Huyo angefaa kwenye migahawa ya mjini hapa.

Mjumbe: Mpangilio?

Mwalimu: Chaplin kwanza. Watu watakuwa bado wanaingia, watoto wanapiga kelele, karanga zinagawiwa. Asiye na sauti hadhuriki. Halafu chokoleti, halafu Bean. Majuto na Vitimbi mwisho, watu wakishatulia, maana neno moja likipotea umepoteza kicheko. Jumla isizidi dakika 90.

Fundi Deki: Tuanze saa 1:30 usiku, giza likiwa limeshika. Shuka la upana wa mita 2, kimo mita 1.5. Lifungwe upande wa magharibi wa nyumba, ukuta ukinge. Upepo wetu unatoka mashariki, ukilipata shuka ni tanga la jahazi. Kamba pembe zote nne, na tofali mbili chini.

Dada Zai: Spika yangu ya bluetooth ipo.

Fundi Deki: Ije, ila tutaiunganisha kwa waya. Bluetooth inachelewesha sauti. Mtu anaanguka, kishindo kinafika akishainuka. Na iwe mbele karibu na shuka, siyo nyuma ya watu.

Mwalimu: Viti visitawanywe! Watu 30 waliobanana wanacheka kuliko 50 waliosambaa uwanja mzima. Kicheko kinarukia jirani.

Mjumbe: Kiingilio?

Mama Neema: Hakuna, ni uani kwangu. Tukianza kutoza watu hela, hilo ni jambo la kuwauliza COSOTA, watu wa hakimiliki, kwanza. Kila nyumba ije na viti vyake. Cha Babu nitaweka mstari wa mbele.

Babu wa Kona: Mbele shingo inauma. Wa pili, karibu na karanga.