Naombeni ushauri: mswada wa watoto, Tuzo ya Mwalimu Nyerere au mchapishaji?

Wakuu, habari zenu. Nina mswada wa hadithi ya watoto wa darasa la nne mpaka la sita, kuhusu binti wa Kilwa anayetaka kujifunza kuunda ngalawa. Nafikiria kuupeleka Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ile inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET). Ilipoanza kutolewa Aprili 2023 ilikuwa ya riwaya na ushairi. Hadithi za watoto ziliongezwa baadaye, na nadhani walichelewa.

Sasa, kuna mchapishaji ameupenda lakini anataka haki zote kwa malipo ya mara moja. Shemeji yangu anasema nisaini tu, mkono mtupu haulambwi. Mimi moyo unasita, maana mshindi wa kwanza wa tuzo huondoka na shilingi milioni 10.

Waliowahi kushiriki, au kuwa majaji: hadithi ya watoto niipeleke na michoro, au maneno yanatosha? Mchoraji niliyempata bei yake si mchezo. Na huyu mchapishaji, nimwombe mrabaha, yaani asilimia ya mauzo ya kitabu, au nimwambie asubiri matokeo?