Tupeane uzoefu: kikundi cha transi (watu wanaoishi jinsia tofauti na waliyoandikiwa walipozaliwa) kinadumu vipi hapa Mwanza?

Mwanzishaji: Dada zangu na kaka zangu, vikundi vyetu huanza kwa shangwe, mwaka hauishi vimekufa. Kinachovishikilia ni nini? Naomba mambo ya kufanya, si maneno ya kutiana moyo.

Mweka Hazina: Anzeni na kikoba cha watu 10 hadi 15 wanaojuana. Hisa moja 2,000, mwisho hisa tano kwa wiki. Mfuko wa jamii 1,000 kila mmoja kwa wiki, na huo HAUKOPESHWI. Watu 12 kwa wiki nne ni 48,000: nauli ya hospitali, au gesti siku chache kwa aliyetolewa vyombo nje. Sanduku liwe na makufuli matatu, funguo kwa watu watatu, sanduku lenyewe kwa wa nne. Vikundi hufia hapa: mfuko unakopeshwa, mtu anafukuzwa na mwenye nyumba, sanduku linafunguliwa halina kitu. Wiki inayofuata nusu hawaji.

Mwaloni: Mkuu, ongeza na suala la marejesho ya mikopo. Huku Kirumba wengi wanategemea dagaa. Mwezi ukiwa mpevu taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inalala, mchuuzi hana hela. Rejesho liangukie giza la mwezi. Mbalamwezi, pokeeni mfuko wa jamii tu. Kumtoza mtu faini wakati huo ni sawa na kumfukuza.

Kalamu: Msichangishane kwa simu! Ukituma hela linatokea jina la usajili, na hilo ndilo jina ambalo wengi wamelikimbia. Taslimu mkononi. Daftarini iandikwe namba ya mwanachama na jina analoitwa. Anayetaka kubadili jina rasmi, wakili anaandaa hati ya kubadili jina, inasajiliwa, ndipo inapelekwa NIDA. Inabadilisha jina tu, kipengele cha jinsi kinabaki vilevile. Mwambieni mapema asije akavunjika moyo dirishani.

Mnasihi: Asiyefika mara mbili, wawili waende mlangoni kwake. Aliyekataliwa kwao hana mwingine wa kumuuliza "mbona hukuja?", na swali hilo limerudisha watu waliokwisha kukata tamaa kabisa. Akikutwa amebakwa, kituo cha afya siku hiyohiyo: dawa za kuzuia VVU zianze ndani ya saa 72, zimezwe siku 28 bila kuruka.

Mwanzishaji: Nashukuru sana. Tukutane saa ngapi?

Mweka Hazina: Saa tisa alasiri, kama kikoba chochote cha mtaani. Usiku majirani huanza kuhesabu viatu mlangoni.