Nina orodha ndefu ya malengo, na kazini nako wanataka yao. Nianzie wapi?

Mama Mahesabu:
Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni mhasibu, nina mume na watoto wawili wadogo. Mwaka ndio huo unageuka, nimekaa na daftari nikaorodhesha ninayoyataka: nipande cheo, nimalize mitihani ya uhasibu iliyobaki, niweke akiba, nipunguze uzito, nijifunze Kifaransa, nisome vitabu, nilale mapema, niwe karibu zaidi na watoto, nianzishe na kabiashara ka pembeni. Hapo hapo meneja ametugawia fomu tujaze malengo matano ya mwaka mzima, na anazitaka wiki ijayo.

Naomba kujua: ya nyumbani na ya kazini niyaweke kapu moja, au kila moja kivyake? Na lengo linaandikwaje likawa na maana? Nimejaza "kuwa mhasibu bora" nikaona hata mimi mwenyewe sijui nimesema nini. Wa kejeli mnakaribishwa, ila mje na ushauri mkononi.

Kifaru Mpole:
Naweka kiti hapa, nasubiri wajuvi.

Mzee wa Ripoti:
Dada, hilo la "mhasibu bora" lifute. Kuna kipimo ambacho maofisi mengi yanakitumia, kilichoandikwa na George Doran mwaka 1981: lengo liwe mahususi, lipimike, liwe na mwenyewe, liwezekane na liwe na muda. Watafiti Edwin Locke na Gary Latham nao wameonyesha kwamba lengo mahususi lenye ugumu humfanya mtu afanye vizuri kuliko kuambiwa tu "jitahidi kadiri uwezavyo". Kwa hiyo andika hivi: "Kuanzia Machi, kulinganisha vitabu vyetu na taarifa ya benki kuwe kumekamilika kabla ya tarehe 5 ya kila mwezi." Ikifika tarehe 6 hakuna wa kubishana na mwenzake.

Angalizo: kwa kazi ambayo bado ni ngeni kwako, kama mfumo mpya wa kompyuta, usijibebeshe tarakimu za matokeo mapema. Weka lengo la kujifunza kwanza, mfano ujue njia tatu za kutoa ripoti fulani. Presha ya matokeo kwenye jambo usilolijua inakufanya upapase tu.

Jiwe Sugu:
Mzee wa Ripoti nakuheshimu, ila hiyo tarehe 5 peke yake ni mtego. Mpe mtu tarehe bila kingine chochote uone atakavyofanya: tofauti asizozielewa atazirundika kwenye akaunti ya kusubiria (kapu la muda la kiasi kisichojulikana ni cha nini), atatia saini, atasema kazi imekwisha. Tarehe imetimia, vitabu ni uchafu. Nimekagua hesabu za namna hiyo, nazijua. Mleta mada, kila penye kipimo cha haraka weka na cha ubora pembeni yake: "kabla ya tarehe 5, na hakuna tofauti iliyokaa zaidi ya mwezi mmoja bila maelezo."

Jambo jingine ambalo watu hawalifanyi: kabla hujajaza, muulize meneja yeye mwenyewe anapimwa kwa nini na wakubwa zake. Ukilijua hilo, mawili kati ya matano yako yameshajiandika.

Bi Subira:
Mdogo wangu, mimi naanza na orodha ya daftari. Kupanda cheo si lengo lako, uamuzi huo uko kwa watu wengine. Nafasi isipotoka mwaka huu utajiona umeshindwa wakati umefanya kila kitu. Lako ni yale yanayokusogeza kwenye cheo, na hapo mitihani inaingia. Unaona sasa? Mitihani ni ya nyumbani na ni ya kazini. Iandike kwenye fomu, tena umwombe meneja ruhusa ya siku za kusoma kwa maandishi.

Akiba usiihesabu kama lengo la kupigania kila mwezi. Iagize benki ikate siku ileile mshahara unapoingia, halafu uisahau. Biashara na Kifaransa viweke kando kwanza. Mshika mawili moja humponyoka, wewe umeshika tisa!

Mama Mahesabu:
Da Subira umenigusa. Mitihani ni Juni. Tatizo langu ni jioni: watoto wakilala saa mbili na nusu nami niko hoi, naishia kwenye simu.

Nahodha wa Usiku:
Hapo ndipo mipango mingi inapofia, wala si kwenye kuandika lengo. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia, ameandika sana kuhusu mpango wa "ikitokea hivi, nafanya vile". Usiseme "nitasoma jioni". Sema: "Nikishafunga mlango wa chumba cha watoto, nakaa mezani na kufanya swali moja." Karatasi ya mtihani wa zamani iwe imefunguliwa tangu kabla ya chakula cha jioni, kalamu juu yake, simu iko chumba kingine inachaji. Swali moja tu. Ukijisikia kuongeza, ongeza.

Na usitishwe na hadithi za siku 21 za kujenga mazoea. Phillippa Lally na wenzake, London, walichapisha utafiti mwaka 2010: kwa wastani ilichukua siku 66, lakini wengine ilikadiriwa kuanzia 18 hadi 254. Tena waligundua kuruka siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Kwa hiyo mtoto akiugua Jumanne, Jumatano unarudi mezani, hakuna kulipia deni la maswali mawili.

Jiwe Sugu:
Nahodha hapo sina pingamizi. Nyongeza: usisubiri Desemba kujitathmini. Kila robo mwaka toa fomu, futa lililopitwa na wakati. Lengo la Januari linaweza kuwa halina kichwa wala miguu ifikapo Aprili, ofisi zinabadilika.

Mama Mahesabu:
Asanteni sana. Nimebaki na matatu: mitihani ya Juni, vitabu vya mwezi kwa tarehe na kwa ubora, na saa moja ya watoto bila simu kabla hawajalala. Akiba naiachia benki. Kwenye fomu nitaongeza yaliyobaki baada ya kuongea na meneja kesho.

Bi Subira:
Vizuri. Ila kabla ya meneja, ongea na shemeji leo. Hiyo saa ya swali moja mtoto akiamka analia, ni nani anayeinuka? Kubalianeni siku zake na siku zako, mbandike ratiba mahali mnapoiona wote wawili.

Kifaru Mpole:
Juni utuletee mrejesho.