Ameziba matundu ya chini ya chesisi, halafu anaita OFA!!

Bisibisi_Bapa (mleta uzi)

Wakuu, sitamtaja. Mnamjua. Yule wa bunduki ya andakoti nyeusi, ile rangi ya mpira ya kupaka chini ya gari, anayepiga picha gari likiwa juu ya lifti, chini kunang'aa kama kiatu cha askari siku ya gwaride. Huyo huyo.

Gari limetoka kwake leo. Kazi ilikuwa moja: safisha ndani ya chesisi, kausha, piga nta ndani. NDANI. Limerudi jeusi tii kwa nje, naye anatabasamu: "Na yale matundu ya chini yote nimekuzibia mkuu, hiyo ni ofa."

Ameziba matundu ya kutolea maji. Akaita ofa.

Mtu huyu ukimpa chujio ataliziba alirudishe likiwa sufuria, na atataka umshukuru. Gari likikata kona sasa linasikika kama limebeba bahari.

Jamani, chesisi ya boksi, ile ya vyuma virefu vyenye uwazi ndani tunavyoviita reli, haijawahi kuzuia maji yasiingie. Maji yanaingia ncha ya nyuma ya reli, yanaingia matundu ya ubavuni, yanaingia penye boliti na panapopita waya. Ukivuka mto yanajaa. Hata usipovuka kitu, hewa yenye unyevu ikikaa mle ndani hugeuka umande usiku chuma kikipoa. Kiwanda kinalijua hilo, ndiyo maana kikatoboa chini. Ukiziba ya chini ukaacha ya ubavuni wazi, umetengeneza mtungi wenye magurudumu manne. Kutu inataka maji na hewa tu, na huyu bwana kaviwekea vyote viwili nyumba, kapaka na rangi.

Kamera ya waya imeingizwa. Tope lile lile! Limeganda nyuma ya magurudumu ya mbele, limeganda pale reli inapopanda kupita juu ya ekseli ya nyuma, limejaa nyuma ya mabamba ya kuimarisha. Magamba ya kutu yamelala chini kama majani makavu. Nta? Hata harufu yake hakuna. Kapaka nje, kaziba chini, kaacha uozo ndani. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na huyu kauficha kwa andakoti.

NIMEKUZIBIA. Analitamka kama zawadi.

Mzee_wa_Gia

Pole mkuu. Lakini angalau kaziba vizuri? Maana kuna wanaoziba hata kuziba hawajui.

DifuLoki4L

Mleta uzi umeandika herufi kubwa nyingi kuliko maelezo. Chukua bisibisi nyembamba, zibua, maisha yaendelee. Jina lako lenyewe Bisibisi.

Bisibisi_Bapa

@DifuLoki4L zibua, sawa. Andakoti ya mpira haizibuki kama tope. Ukiisukuma kwa bisibisi inaingia ndani kama kizibo cha chupa, inaelea, na maji yakija inarudi kuziba tundu lile lile. Inabidi uikate kuzunguka ukingo kwa kisu, uivute kwa koleo kutoka nje. Ukihesabu reli mbili na mihimili ya kukatiza, hiyo ni kazi ya mchana mzima chali chini ya gari. Kwa sababu ya OFA.

Kutu_Haina_Rafiki

Mimi namtetea kidogo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Bisibisi_Bapa

Ule ni UFA. Hili ni TUNDU LA KUTOLEA MAJI. Hata wahenga hawakuziba mifereji ya nyumba zao.

Fundi_Chuma_Baridi

Mleta uzi ana haki ya kukasirika, ila anapiga kelele bila kusema kazi ilipaswa kufanywaje, na watakaosoma watarudi kwa jamaa yule yule. Kwa hiyo nasema mimi.

Kwanza zibua matundu yote kabla ya kufungua maji. Mengi huwa yamezibwa na tope hata bila msaada wa mtu. Gonga reli kwa nyundo ya mpira kutoka mbele hadi nyuma, ubavuni na chini, magamba yaachie. Ukifika mahali sauti inageuka kutoka mlio kuwa kishindo butu, simama. Chukua nyundo yenye ncha, dunga. Ikizama, habari ya nta imekwisha, gari linakwenda kuchomelewa kwanza. Anayepiga nta halafu ndiyo akumbuke kuchomelea anawasha moto ndani ya bomba, maana nta inashika moto mahali ambapo huwezi kufikisha maji kwa haraka.

Kuosha: mashine ya presha ya nyumbani inatosha, lakini si kwa ile bunduki yake ya kawaida. Unafunga mpira wa kuzibulia mabomba ya maji taka, ule wa nozeli inayorusha maji kinyumenyume. Michirizi hiyo ya maji inausukuma mpira mbele yenyewe, na tope linarudi nyuma ulikoingilia. Funga utepe wa rangi sentimita 30 kabla ya nozeli. Ukiuona utepe unatoka, ACHIA KITUFE. Nozeli ikichomoka ikiwa inafanya kazi inakugeukia usoni na mchanga wote.

Anzia mbele ukielekea nyuma, au mahali pa juu ukielekea pa chini, usilisukumie tope kwenye kona isiyo na mlango. Rudia mpaka maji yanayotoka chini yawe meupe. Mara tatu, nne, tano, gari lililozama matopeni hata kumi. Na kama gari limepita kwenye maji ya chumvi, yakishakuwa meupe osha tena, chumvi haionekani.

Kabla ya yote hayo angalia kama kuna waya unaopita ndani ya reli. Baadhi ya magari yako hivyo, na maji ya presha yanachuna plastiki ya waya.

Mzee_wa_Gia

Hii sasa ndiyo hoja. Mleta uzi jifunze.

Bisibisi_Bapa

Nimejifunza nini tena, hayo ndiyo aliyoagizwa afanye! Yameandikwa kwenye karatasi! Na yeye badala ya hayo kaziba matundu.

Nozeli360

Ongezea kukausha, wengi wanafeli hapo. Hewa ya kompresa inafukuza maji yanayoonekana tu. Yaliyo katikati ya mabamba mawili yaliyobandikana hayatoki kwa kompresa. Weka feni au mashine ya hewa ya uvuguvugu kwenye ncha moja ya reli, acha masaa 24 hadi 48, matundu yote wazi. Kisha funga karatasi laini kwenye ncha ya waya, ipitishe kwenye kona, itoe. Ikiwa na unyevu, rudisha feni.

Na dawa ya kugeuza kutu msiitegemee kupita uwezo wake. Ile yenye asidi ya fosfori inageuza kutu kuwa fosfeti ya chuma, sawa, lakini ni ile kutu nyembamba iliyoshikana na chuma. Gamba nene linageuka juu tu, chini yake kutu inaendelea na kazi. Ukiipiga juu ya nta ya zamani au grisi haigusi chuma kabisa.

Kutu_Haina_Rafiki

Nta kiasi gani? Yule bwana anatumia kopo moja kwa gari zima, nimeona kwenye picha zake.

Nozeli360

Piga hesabu mwenyewe. Chukulia reli ya mita 4, boksi la sentimita 15 kwa 7.5. Mzunguko wa ndani sentimita 45, kwa hiyo reli moja ni mita za mraba 1.8, mbili 3.6. Weka mihimili ya kukatiza, unafika kama 4.2. Ukitaka unene wa milimita 0.3 tu unahitaji lita 1.26, tena kwenye chuma laini kisichomwaga hata tone. Chuma chenye vinyweleo vya kutu kinakunywa, na nyingine inachuruzika. Andaa lita 2 hadi 3. Kopo la mililita 500 kwa gari zima ni manukato.

Nozeli iwe ya kurusha pande zote, kwenye mpira wa angalau mita 2, uingie kutoka ncha zote mbili ukutane katikati. Vile vimrija vya sentimita 60 vinavyokuja na makopo vinafaa ukiwa na matundu ya ubavuni karibu karibu. Ingiza mpaka mwisho ndipo uanze kupiga ukivuta nje taratibu. Ukiona inadondoka kwenye tundu la chini, hapo pameshiba, endelea kuvuta. Nta nzito iweke ndani ya ndoo ya maji ya moto kwanza, ikiwa baridi inatoka kama tambi na kubaki palepale ilipoangukia.

Nta ikiisha kudondoka, pitisha waya kwenye KILA tundu la chini. Nta yenyewe inaweza kuliziba.

Bisibisi_Bapa

Mmeona?? Hata nta, ambayo ndiyo dawa yenyewe, hairuhusiwi kuziba tundu. Huyu kaziba kwa mpira. Kwa makusudi. Kwa furaha.

DifuLoki4L

Umesharudi kwenye tundu. Tulikuwa tumefika mbali.

Mafuta_ya_Kondoo

Nta ni ya watu wasiopenda kurudia kazi. Mafuta ya lanolini, yale ya sufu ya kondoo, yanatambaa, yanaingia kwenye mikunjo ambayo nta haifiki, na hayapasuki. Kila mwaka unaongeza, basi.

Nozeli360

Yanatambaa mpaka kwenye bushi za mpira pia, na mpira wa asili unavimba ukiguswa na mafuta. Na gari linaloingia mtoni kila wiki linayapoteza haraka.

Mafuta_ya_Kondoo

Ndiyo maana nimesema NDANI. Bushi zako ziko ndani ya chesisi?

Fundi_Chuma_Baridi

Kwenye mikono ya ekseli maganda ya bushi yameshikana na reli. Funika kwa nailoni, yasidondokee. Na diski za breki vilevile, yeyote atakayepiga chochote huko chini.

TJ_wa_Mawe

Mnalia na fundi, hamjaona wabunifu wa kiwanda. Jeep Wrangler TJ, ile ya 1997 hadi 2006, reli yake imeshuka katikati na mikono ya ekseli ya nyuma imeshikwa hapo hapo tope linapolala. Inaoza kutoka ndani, nje unaona rangi nzuri mpaka siku unapokaza boliti na inakuja na kipande cha reli.

Kutu_Haina_Rafiki

Na Toyota? Mwaka 2016 walikubali mapatano Marekani ya hadi dola bilioni 3.4 kwa ajili ya kutu ya chesisi za Tacoma, Tundra na Sequoia, magari kama milioni 1.5. Hakukuwa na fundi wa bunduki nyeusi hapo.

Mzee_wa_Gia

Land Rover Defender mnaiachaje? Mhimili wa mwisho nyuma unaoza kiasi kwamba unauzwa kama kipuri cha kawaida, kama fani belti.

Bisibisi_Bapa

Wakuu, uzi huu ni wa matundu.

TJ_wa_Mawe

Kinachonikera mimi zaidi ni wanaochomelea kiraka kwa mstari wa wima unaokata reli nzima. Mkazo wote unakusanyika kwenye mstari mmoja na reli inapasuka pembeni ya weldi. Kiraka kikatwe ncha kama almasi au kama samaki, pembe zizungushwe.

Fundi_Chuma_Baridi

Na wanaotoboa matundu mapya ili wapate pa kuingizia nozeli! Wanatoboa uso wa juu au wa chini wa reli, ndiko mkazo mkubwa uliko. Kama hakuna namna nyingine kabisa, katikati ya ubavu, mbali na mshikio wa springi na mbali na kona, halafu ulainishe ukingo na upake zinki.

Bisibisi_Bapa

Huyu hakutoboa. Huyu ALIZIBA.

Spana_14

Samahani kuingilia. Boliti za kushikia bodi kwenye chesisi zimegoma, nut iko ndani ya boksi na inazunguka nayo. Kuna anayejua?

Fundi_Chuma_Baridi

Usilazimishe kwa bunduki ya upepo, utaing'oa nut iliyochomelewa humo ndani na hutaifikia tena. Pulizia mafuta ya kupenya leo jioni, rudia kesho asubuhi na jioni, kisha kaza robo mzunguko kabla ya kulegeza. Kama imeshang'oka, kata dirisha dogo ubavuni, ishike kwa spana bapa, halafu dirisha lichomelewe kabla ya nta. Ni gari gani?

Spana_14

Jimny. Na nta imeshapigwa jana.

Fundi_Chuma_Baridi

Nani kakuambia upige nta kabla ya boliti?

Spana_14

Yule wa andakoti nyeusi.