Mkojo wa Salma

Mama Salma: Assalamu alaikum, wazazi na ndugu zangu. Salma ameamka uso umemvimba hadi macho hayafunguki vizuri, na mkojo wake una rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Jana zahanati walisema ni U.T.I., yaani maambukizi ya njia ya mkojo, wakampa vidonge, bila kumpima mkojo wala presha.

Bibi: Waalaikumu salaam, mwanangu, pole. Pengine amelala vibaya, maana hata homa hana.

Shangazi Rehema: Shikamoo mama. Huu si uvimbe wa usingizi. Wifi, vile vidonda vya miguuni nilivyoviona siku ya arusi vilikauka lini?

Mama Salma: Yapata wiki tatu, wifi. Ulikuwa upele, akaukuna hadi ukatunga usaha.

Shangazi Rehema: Hapo ndipo ninapopatilia mashaka. Bakteria waitwao streptokokasi, ambao huleta vidonda vya usaha na maumivu ya koo, huweza kuziumiza figo hata wao wenyewe wakiwa wamekwisha: kingamwili zilizoundwa kupambana nao hushikamana na mabaki yao, zikanasa kwenye vichujio vidogo vya figo, vikavimba na kuvujisha damu kwenye mkojo, huku maji na chumvi vikibaki mwilini. Baada ya koo huchukua wiki 1 hadi 3. Baada ya ngozi, wiki 3 hadi 6. Mpelekeni hospitali sasa hivi, na kwanza apimwe presha, kwa sababu ikipanda sana mtoto huweza kupata degedege.

Baba Salma: Dada, niulizie vipimo gani?

Shangazi Rehema: Mkojo utazamwe kwa hadubini kama una chembe nyekundu za damu, na upimwe protini. Damu ipimwe kreatinini, taka ambayo figo huichuja, pamoja na C3, protini ya kinga ambayo katika ugonjwa huu hushuka, kisha kwa kawaida hurudi sawa ndani ya wiki 6 hadi 8. Kipimo cha ASO, cha kutafuta kingamwili za streptokokasi kwenye damu, kikiwa cha kawaida kisikutulize, kaka, kwani baada ya vidonda vya ngozi mara nyingi hakipandi. Habari ya vidonda waeleze hata wasipokuuliza.

Mama Salma: Tumelazwa. Presha ni 140 kwa 95, na mkojo una damu na protini. Daktari aliyapapasa makovu ya miguuni kwa kidole, akayaandika kwenye faili. Ameanzishiwa dawa ya kupunguza maji mwilini na penisilini, chakula chake hakitiwi chumvi, na kila anachokunywa na kukojoa kinapimwa. Majibu ya C3 bado.

Bibi: Mwenyezi Mungu amponye mjukuu wangu. Mdogo wake niliyebaki naye hapa anajikuna vidoleni usiku kucha.

Shangazi Rehema: Nakuja kumchukua, mama, akatibiwe upele leo hii.