Majina ya Kigaeli katika pwani za Harris na Barra

Swali: Ndugu wanajamvi, katika ramani ya visiwa vya magharibi mwa Uskoti, vikiwemo Harris na Barra, maneno ya Kigaeli (lugha ya wenyeji wa huko) Rubha, Tràigh na Sgeir hurudiwa pwani nzima. Yana maana gani?

Jibu: Rubha ni rasi, Tràigh ni ufuko, na Sgeir ni mwamba unaochomoza baharini. Kwenye Tràigh Mhòr ya Barra, yaani ufuko mkubwa, ndege za abiria hutua mchangani maji yanapokupwa.

Jibu: Naongeza kwamba Sgeir limetoka kwa Wanorwei wa kale, ambao wafalme wao walivimiliki visiwa hivyo hadi mwaka 1266. Lililo zuri kuliko yote, kwa maoni yangu, ni An Tairbeart la Harris: shingo nyembamba ya nchi kavu ambapo mashua zilivushwa kutoka ghuba moja hadi nyingine.